Nailoni ya Kitalu Nyumba na Jua Letu: Jinsi ya Kuichagua, Kuifunga na Kuilinda

Nailoni ya kitalu nyumba haizeeshwi na kalenda. Kata vipande viwili kutoka rola moja, kimoja ukifungie kabatini penye giza na ubaridi, kingine ukiweke juani paani. Miaka minne baadaye cha kabatini bado kitavutika kama siku ulipokinunua, na cha paani kitakuwa kimekakamaa kiasi cha kupasuka ukikikunja. Kilichovitofautisha ni mwanga. Kwa hiyo ukinunua nailoni, usidhani umenunua unene tu. Umenunua kinga dhidi ya jua, iliyochanganywa ndani yake kiwandani, na kinga hiyo unaweza kuitunza au kuimaliza mapema kwa mikono yako mwenyewe.

Mwongozo huu ni kwa anayelima nyanya, hoho, matango au maua ndani ya kitalu nyumba, au kivungulio kama wanavyokiita wengi Kenya. Utamfaa pia mwenye kaushio la jua na mwenye bwawa lililotandikwa plastiki, kwa sababu adui wao ni mmoja.

Jua linafanya nini ndani ya nailoni

Nailoni nyingi za vitalu ni poliethilini: molekuli ndefu za kaboni na hidrojeni zilizosokotana kama nyuzi za kamba ya katani. Uimara na unyumbufu wake vinatokana na urefu wa nyuzi hizo. Zikikatwakatwa, umbo linabaki lilelile lakini nguvu imekwisha.

Kinachozikata ni miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye lebo. Inayotufikia ardhini ina urefu wa wimbi kati ya nanomita 290 na 400 hivi. Ni sehemu ndogo ya mwanga wote wa jua, lakini ina makali. Miale ya nanomita 300 hubeba nishati ya takriban kilojuli 400 kwa moli, na kifungo cha kaboni kwa kaboni huvunjika kwa takriban kilojuli 350.

Poliethilini iliyo safi kabisa ingeiacha miale hiyo ipite bila kudhurika. Ila hakuna nailoni ya dukani iliyo safi kiasi hicho. Ndani yake mna mabaki ya vichocheo vya kiwandani, na mna sehemu zilizokwisha kushikana na oksijeni plastiki ilipokuwa ikiyeyushwa. Sehemu hizo ndizo zinazonasa miale. Kifungo kinavunjika, ncha iliyovunjika inadaka oksijeni ya hewani, panatokea peroksidi, na peroksidi hiyo ikipigwa na mwanga inagawanyika na kuzaa ncha mbili mpya zenye njaa. Uharibifu unajizalisha wenyewe. Ndiyo maana nailoni hukaa miezi mingi ikionekana nzima, kisha ikachakaa ndani ya wiki chache.

Wembamba unaongeza tatizo. Tangi la maji lenye ukuta mnene likipigwa na jua huumia zaidi usoni, na ndani hubaki salama kwa muda mrefu. Nailoni ya maikroni 200 ni milimita 0.2 tu. Mwanga unapenya upande hadi upande, na oksijeni inaingia kutoka juu na chini. Haina sehemu ya ndani ya kujificha.

Joto nalo linasukuma. Jua linaanzisha uharibifu, joto linauharakisha, na kwa athari nyingi za kikemia mwendo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye mabomba ya chuma.

Pima dozi ya jua la kwako

Muuzaji akikwambia "hii ni ya miaka minne", muulize: miaka minne ya wapi? London hupokea takriban kilowati-saa 1,000 za jua kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Maeneo mengi ya Kenya na Tanzania hupata kilowati-saa 5 hadi 6 kwa siku, yaani karibu 2,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa hapa ni kama miaka miwili ya kule.

Viwanda vingi hupima dozi hii kwa kilolangli, kifupi chake kLy. Kupata idadi ya kilolangli kwa mwaka, chukua kilowati-saa za mwaka kwa mita ya mraba ugawanye kwa 11.6. London inapata kama 86, na sehemu yenye kilowati-saa 2,000 inapata kama 172. Nailoni iliyotengenezwa kuhimili kLy 600 itamaliza dozi yake hapa kwetu baada ya miaka mitatu na nusu hivi. Mkulima anayejua hesabu hii hatishwi wala hadanganywi na neno "miaka".

Mwinuko nao una hesabu yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, UV huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Njombe na Naivasha, zilizo karibu na mita 1,900 au zaidi, anga likiwa wazi hupata UV nyingi kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Pwani nayo ina joto. Wa nyanda za juu ajilinde zaidi na miale, wa pwani ajilinde zaidi na joto la fremu, na wote wawili wasitegemee dhamana iliyoandikiwa Ulaya ya kaskazini.

Kinga zilizomo ndani ya plastiki

Kuna aina nne utakazokutana nazo, na kila moja ina kazi yake.

*Kaboni nyeusi.* Ni masizi laini sana yaliyochanganywa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Hunasa miale kabla haijafika kwenye plastiki. Ni kinga imara na ya bei nafuu, na ndiyo sababu mabomba ya dripu na plastiki za kutandika mabwawa ni nyeusi. Hasara yake ni dhahiri: mmea hauoti gizani, kwa hiyo haifai paani. Usichukulie pia kwamba kila plastiki nyeusi ina kinga. Mfuko wa taka umetiwa weusi kwa ajili ya kuficha taka tu.

*Vifyonza UV.* Kemikali za jamii ya benzofenoni na benzotriazoli hunasa miale na kuigeuza kuwa joto dogo, huku zikiuacha mwanga unaohitajiwa na mmea upite. Udhaifu wake ni kwamba zinahitaji unene ili zifanye kazi vizuri, na katika nailoni nyembamba haziwezi kutegemewa peke yake.

*Nikeli.* Michanganyiko ya nikeli huinyang'anya molekuli nishati kabla haijavunjika. Huipa nailoni rangi ya manjano ya kijani. Inavumilia salfa vizuri kiasi, lakini ni metali nzito, na matumizi yake yamekuwa yakipungua.

*Amini zinazoandikwa HALS.* Hizi zilienea kuanzia miaka ya 1970 na ndizo nguzo ya nailoni nyingi za kisasa. Hazizuii miale, zinazikamata zile ncha zenye njaa na kuzituliza kabla hazijaendeleza mnyororo wa uharibifu. Uzuri wake ni kwamba zikishafanya kazi zinajirudisha katika hali ya kufanya kazi tena, hivyo kiasi kidogo hudumu muda mrefu. Adui wake mkubwa ni asidi, na asidi hiyo mara nyingi inatoka kwenye dawa tunazopulizia wenyewe.

Unaponunua

1. Usipime ubora kwa unene peke yake. Nailoni ya geji 1,000 inayotandikwa chini ya sakafu za nyumba ni nene kuliko nyingi za vitalu, takriban maikroni 250, lakini kwa kawaida haikuwekewa kinga ya jua kwa sababu inazikwa chini ya zege. Mkulima anayeipandisha paani kwa kuwa ni rahisi, ataibomoa mapema.

2. Pima uzito. Poliethilini ya aina hii ina gramu 0.92 hivi kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo mita moja ya mraba ya maikroni 200 inapaswa kuwa na gramu 184 hivi. Rola ya mita 50 kwa 8 ni mita za mraba 400, sawa na kilo 74 hivi bila kiini cha katikati. Ikija na kilo 55, umeuziwa maikroni 150 kwa bei ya 200. Geji 800 ni sawa na maikroni 200.

3. Dai karatasi ya kiwanda yenye mambo matano: unene, aina ya kinga, dozi kwa kLy au muda wa dhamana pamoja na nchi iliyokusudiwa, kiwango cha juu cha salfa na klorini kinachokubalika, na tarehe ya kutengenezwa. Viwanda vya Ulaya hurejelea kiwango cha EN 13206 kwa nailoni za kufunikia mazao. Muuzaji asiye na karatasi anauza kwa mdomo, na dhamana yake nayo itakuwa ya mdomo.

4. Usihukumu kwa rangi. Umanjano unaweza kutokana na nikeli, na unaweza kuwa rangi tu.

5. Jaribu kwa taa ya kukagulia noti, lakini ujue inapima nini. Mulika karatasi nyeupe ya ofisini gizani, nayo itang'aa kwa samawati. Weka nailoni katikati. Mng'ao ukififia sana, nailoni hiyo inazuia UV. Ukiendelea kung'aa, usikimbilie kusema haina kinga, maana HALS hazizuii miale. Jaribio hili linakuambia jua litakaloingia kwa mimea. Haliwezi kukuambia nailoni itadumu miaka mingapi.

6. Chagua kulingana na zao. Nailoni inayozuia UV kwa nguvu huwachanganya inzi weupe na thripsi, ambao huhitaji miale hiyo kuona njia, na kwa hiyo hupunguza virusi wanavyoeneza. Wakulima wa waridi jekundu huipenda kwa sababu hupunguza petali kuwa nyeusi pembeni. Ila biringanya huhitaji UV ili kupata zambarau yake iliyokolea, na nyuki wanaochavusha nao huitumia kuona.

Unapofunga

Kitalu kikipasuka, mara nyingi mpasuko huanzia pale nailoni inapokutana na fremu. Bomba la chuma lililo juani hupata joto kali kuliko hewa ya ndani, na ule mstari wa nailoni unaolala juu yake unaungua polepole mchana kutwa. Fanya hivi:

- Paka rangi nyeupe ya maji upande wa juu wa kila bomba, na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunika. Rangi ya mafuta na mvuke wa tina huishambulia kinga. Mkanda mweupe wa povu uliotengenezwa kwa kazi hii unafaa zaidi kama utaupata.
- Usiilaze nailoni moja kwa moja juu ya bomba la PVC. PVC ina klorini, na ikipata joto huitoa polepole na kuiharibu kinga pale zinapogusana. Kama fremu yako ni ya PVC, ivishe mkanda mweupe.
- Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au oili chafu zina tatizo hilohilo. Acha zikauke vizuri, kisha weka mkanda kati yake na nailoni.
- Sugua kutu, lainisha maungio ya kuchomelea, na pinda ncha za waya zielekee ndani.
- Angalia maandishi ya pembeni yanayoonyesha upande wa nje. Nailoni nyingi hutengenezwa kwa tabaka tatu, na ya ndani ina dawa ya kuzuia matone. Yakikosekana maandishi, pulizia maji pande zote mbili: upande ambao maji yanatandaa badala ya kusimama matone ndio wa ndani.
- Funga asubuhi, jua likishapanda kidogo na upepo haujaanza. Ukifunga kwenye baridi, mchana nailoni italegea na kupigapiga. Ukifunga saa saba jua kali, usiku itajikaza na kuchanika kwenye misumari.
- Tumia reli na waya wa zigizaga kama unaweza. Kama ni misumari, weka papi juu yake ili mvuto usambae badala ya kukaa kwenye tundu moja.
- Rola inayosubiri kufungwa ikae kivulini ndani ya kifungashio chake, si chini ya bati lenye joto.

Kabla fundi hajaondoka, kata vipande viwili vya mita moja. Andika tarehe. Kimoja kifungie kabatini gizani. Kingine kifunge paani, juu ya bomba lililopakwa rangi kama mengine, mahali utakapokifikia kwa ngazi. Utavihitaji baadaye.

Dawa za mimea zinavyokula kinga

Salfa ni dawa nzuri ya ubwiri unga, na katika vitalu vya waridi huyeyushwa kwa vyungu vya umeme usiku. Mvuke wake hutua kwenye nailoni, na kwa msaada wa mwanga na unyevu hugeuka asidi. Asidi inazifunga amini za HALS zisiweze kufanya kazi. Nailoni ya miaka minne inaweza kuisha ikiwa na miwili, bila jua kuongezeka hata kidogo.

Salfa haiji kwa jina la salfa peke yake. Mankozebu, ambayo mkulima wa nyanya huipulizia dhidi ya bakajani, ina salfa ndani ya molekuli yake. Metamu sodiamu ya kufukizia udongo nayo inayo. Upande wa klorini kuna klorothalonili, na ipo pia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ambayo wengine huoshea paa.

Hakuna anayekuambia uache mazao yaugue ili kuokoa plastiki. Punguza mgusano:

- Elekeza pua ya bomba kwenye majani, si juu. Paa lililolowa dawa ni hasara mara mbili.
- Fungua mapazia ya pembeni mara muda wa dawa ulioandikwa kwenye lebo unapokwisha.
- Badilisha dawa. Kwa ubwiri unga, bikaboneti ya potasiamu inaweza kushika baadhi ya zamu za salfa.
- Ukifukiza udongo, funika udongo wenyewe, na ukiweza fanya kazi hiyo kabla ya kubadilisha paa, si wiki moja baada yake.
- Osha paa kwa maji na kitambaa laini au brashi ya nywele laini. Usitumie klorini wala sabuni ya unga yenye chembe za kukwaruza.
- Ukilazimika kutumia salfa kila wiki, sema hivyo unaponunua. Kuna nailoni zenye HALS za aina isiyoshikana kirahisi na asidi, na bei yake kubwa ina maana zaidi kwa mkulima wa waridi kuliko kwa mwenye hoho.

Andika kila unachopulizia na tarehe yake. Ukidai dhamana, kiwanda kitapima salfa na klorini kwenye kipande ulichorudisha, na daftari lako ndilo litakalokutetea.

Kukagua kabla haijapasuka

Kigezo kinachotumika viwandani ni hiki: nailoni imefika mwisho pale mvutiko wake kabla ya kukatika unapobaki nusu ya ule wa mwanzo. Unaweza kupima jambo hili nyumbani kwa rula.

Kata ukanda wa sentimita 1 kwa 15 kutoka kipande cha kabatini, na mwingine kama huo kutoka kipande cha paani, yote miwili kwa mkasi mkali ili ukingo usiwe na michaniko. Chora mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 5 katikati ya kila ukanda. Shika ncha, vuta polepole, na mwenzako asome rula pale unapokatika. Tuseme wa kabatini ulifika sentimita 25: umeongezeka 20. Wa paani ukikatika kabla ya sentimita 15, yaani umeongezeka pungufu ya 10, ni wakati wa kuagiza nailoni nyingine. Rudia kwa kanda tatu tatu, kisha chukua wastani. Fanya hivi kila miezi sita, na kila miezi mitatu ukishaingia mwaka wa mwisho wa dhamana.

Macho nayo yasilale. Karibu na ikweta jua huwa juu ya vichwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo paa huisha kabla ya kuta. Kagua kwanza mgongo wa paa na mistari ya mabomba. Michaniko midogo inayofuata bomba maana yake ni joto. Ukavu uliosambaa paa zima maana yake ni dozi ya jua imetimia au dawa zimeila kinga. Tundu moja karibu na mlango ni ajali ya jembe, na hilo liwekee kiraka pande zote mbili kwa mkanda wa vitalu wenye kinga ya UV, baada ya kupangusa vumbi na kukausha. Selotepu ya kufungia maboksi itabanduka.

Kuvua kwa wakati

Wengi husubiri upepo uwafanyie kazi ya kuvua. Hiyo ni hasara ya msimu mzima, maana paa huchanika wakati nyanya zimejaa matunda. Na nailoni iliyoachwa mpaka ikameguka huingia shambani vipande vipande, na hakuna reki itakayovitoa vyote. Ivue ingali inakunjika. Ikiwa hivyo, unaweza kuikunja, kuipangusa udongo na kuwauzia wanaokusanya plastiki za kuyeyushwa upya. Iliyomeguka na kujaa mchanga hakuna anayeitaka. Usiichome shambani. Kuta ambazo bado zimefaulu kipimo cha rula ziache. Badilisha paa tu.

Sasa hesabu ya mwisho. Chukua bei ya nailoni, ongeza ujira wa mafundi na thamani ya siku ambazo kitalu kitakaa wazi, kisha gawanya kwa miaka iliyodumu kweli kwa kipimo chako. Tuseme ya rahisi na ufundi wake ni shilingi 600,000 na inadumu mwaka mmoja na nusu: ni 400,000 kwa mwaka. Ya ghali ni 1,050,000 na inadumu miaka mitatu na nusu: ni 300,000 kwa mwaka, na fundi amepanda paa mara moja badala ya tatu. Nambari zako zitakuwa tofauti na hizi. Zitafute, uziandike mlangoni mwa kitalu pamoja na tarehe ya kufunga, uende nazo dukani siku ya kununua rola inayofuata.